Nilishuka jahazini bila kuaga, sasa ardhi ya Nairobi inanitikisa

Swali:

"Habari daktari. Nina miaka 26, naishi Umoja na dada yangu mkubwa. Tangu Agosti mwaka jana nilikuwa nafanya kazi kwenye jahazi la masomo huko pwani. Tunapokea watoto wa shule, tunawafundisha mambo ya bahari, mikoko, taka za plastiki, na sisi wenyewe ndio mabaharia, tunavuta tanga, tunashika zamu usiku. Mwanzo wa mwezi wa tano upepo wa kusi ulipochachamaa jahazi likapandishwa ufukweni kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa za ubao, na mkataba wangu ukaisha. Siku ya mwisho nilishindwa kuaga. Nilibeba begi saa kumi na moja alfajiri wengine wamelala nikaenda zangu. Sasa ni wiki ya nne niko Nairobi. Nikisimama jikoni sakafu inayumba kama deki, nikilala kitanda kinapanda na kushuka, na kitu cha ajabu, nikiwa ndani ya matatu Jogoo Road niko sawa kabisa, nikishuka tu steji inaanza tena. Nimemeza zile dawa za kichefuchefu cha safari kutoka kwa chemisti, wapi. Saa kumi kasorobo usiku macho wazi kila siku. Picha zikiwekwa kwa grupu ya WhatsApp nalia, mpaka nimeizima sauti. Dada anasema nilizoea raha, shangazi anasema nimepandwa na jini la bahari. Na kwa begi nimekuta kisu cha nahodha cha kukatia kamba, alinipa siku moja nimsaidie nikasahau kurudisha, na hata kumpigia simu nimwambie nimeshindwa. Je, mimi ni mgonjwa? Ama nirudi tu baharini msimu ukifunguka?"

Jibu:

Dadangu, pole sana, na karibu nyumbani, nadhani hiyo karibu hujaambiwa na mtu vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama daktari nikaona sikio na usingizi, mara ya pili nikaona kile kisu, na nikajua swali lenyewe liko hapo. Lakini tuanze na mwili manake mwili ndio unakutisha zaidi, na ukiendelea kudhani unaingia wazimu hata haya mengine hutaweza kuyafikiria sawasawa.

Kwa wasomaji ambao hawajaona kazi kama hii: jahazi la masomo ni chombo cha tanga ambacho darasa liko juu ya deki. Hapa kwetu wengi wanaikumbuka Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililozinduliwa Lamu 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar likisimama njiani kuelimisha watu. Kwingine ni kitu cha zamani, Marekani kuna Clearwater inayofundisha watoto kwenye mto Hudson tangu 1969, Norwe kuna Statsraad Lehmkuhl iliyojengwa 1914 kama meli ya mafunzo na bado inabeba wanafunzi mpaka leo. Kwa hivyo watu waliowahi kushuka chombo cha namna hii wakakaa kitandani wakishangaa mbona nyumba inaelea ni wengi, hauko peke yako.

Sasa hiyo sakafu. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya pale pa kusikia, kuna vijifereji vitatu vyenye maji na vifuko viwili vyenye vichembe vidogo vidogo vya chokaa. Ukisogea maji yanasogea, vichembe vinavutwa, ubongo unapata habari kwamba mwili umeinama huku ama umepanda juu. Ulipopanda jahazi Agosti ile wiki ya kwanza najua ulitapika ama ulikaribia, kwa sababu ubongo ulikuwa unapata habari ambazo haujazoea. Alafu ukajifunza. Ukashika mdundo wa mawimbi, ukaanza kutabiri: sasa tunapanda, sasa tunashuka, kaza mguu wa kushoto. Baada ya miezi tisa huo utabiri unajiendesha wenyewe, ndio maana ulikuwa unaweza kubeba sufuria ya uji kutoka jikoni mpaka omo, mbele ya chombo, bila kumwaga. Kisha siku moja ukashuka, bahari ikaisha, lakini utabiri haujaambiwa uache. Ubongo unaendelea kukaza mguu kwa wimbi ambalo halipo, na wewe unalisikia hilo wimbi.

Madaktari wanaita hali hii mal de débarquement, Kifaransa hicho, maana yake ugonjwa wa kushuka chomboni. Mabaharia wengi wanaipata kwa saa chache ama siku moja mbili. Wachache inawakaa wiki kadhaa, na wachache zaidi inapita mwezi, na hao kwa sehemu kubwa ni wanawake, sababu yake haijaeleweka vizuri. Na hiyo habari yako ya matatu ndiyo iliyonifanya niandike kwa uhakika kiasi hiki. Kizunguzungu cha kawaida mara nyingi kinazidi ukiwa kwa gari. Hiki cha kushuka chomboni kinatulia ukiwa kwa gari, kwa sababu hapo mwili unasogezwa kweli na ubongo unapata kile unachokitarajia, ukishuka steji unabaki unadai tena. Ukienda hospitali hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia daktari, usisubiri akuulize, wengi hawataliuliza.

Hizo dawa za safari wacha kumeza. Zimetengenezwa kwa mtu anayetapika kwa basi, wewe hutapiki, shida yako ni ubongo kuchelewa kusahau, na dawa hizo zinaupa usingizi ubongo unaotakiwa kuwa macho ujifunze ardhi upya. Kitu kinachosaidia ni kutembea, tena mahali si sawa sana, kwa udongo, kwa nyasi, macho yakiangalia mbali. Na hapa Nairobi inakuonea kidogo. Miezi tisa macho yako yalikuwa yanapumzika kwa upeo wa bahari, sasa uko Umoja, ukifungua dirisha ni ukuta wa gorofa ya jirani na nguo zimeanikwa. Tafuta siku mbili tatu kwa wiki uende mahali pa wazi, panda Ngong na mtu ama hata juu ya paa la gorofa yenu ambapo unaweza kuona vilima vya Ngong asubuhi kukiwa hakuna mawingu, kaa uangalie ule mstari. Usipande viti jikoni kutoa vitu juu, na kwa ngazi shika chuma mpaka hii ipite.

Shangazi yako simdharau. Watu wa pwani wameona mabaharia wakirudi wakiyumba miaka na mikaka kabla hospitali haijajengwa, wakakipa kitu jina walilokuwa nalo. Akitaka kukuombea muache akuombee, kuombewa na mtu anayekupenda hakujamdhuru mtu. Ila akileta kitu cha kunywa usichokijua, ama akisema ufunge kula siku kadhaa, hapo kataa kwa heshima. Na kwa sababu umetoka pwani, ukisikia homa, baridi ya mwili ama kichwa kugonga, usiniulize mimi wala shangazi, nenda upime malaria siku hiyo hiyo.

Usingizi ni rahisi zaidi. Saa kumi kasorobo unaamka kwa nini? Nakisia zamu yako ilikuwa ile ya saa kumi usiku mpaka saa mbili asubuhi, na kuna mtu alikuwa anakugusa bega robo saa kabla. Hiyo saa ya mwili inaongozwa na mwanga, na inasogea polepole, ukiipa ishara nzuri. Ishara nzuri ni mwanga wa asubuhi usoni, nje, si kwa dirisha, na giza usiku bila simu. Tatizo sasa tunaingia Juni, mwezi wa sita mpaka wa nane Nairobi ni baridi na mawingu, jua halionekani mpaka saa sita, na wewe umetoka mahali jua linakuamsha lenyewe. Mwili wako umepanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita kama 1,700 ukaingia kwenye kijivu. Hata mtu ambaye hana huzuni yoyote angejisikia mzito. Kwa hivyo toka nje mapema hata kama ni mawingu, mwanga wa nje wa mawingu bado unaushinda wa balbu kwa mbali. Ukiamka saa kumi usilale hapo ukipigana na kitanda, amka, kunywa maji, kaa kwa mwanga hafifu, usingizi ukirudi urudi. Vidonge vya usingizi vya kununua kaunta usiguse, na pombe ya kulalia pia.

Haya. Sasa tuje kwa lile lingine.

Umeniandikia kwamba ulishindwa kuaga, ukalitaja kama jambo dogo kabla ya kuingia kwa sakafu inayoyumba, alafu mwisho ukarudi kwake kupitia kisu. Nataka nikuulize kitu ambacho labda hujakifikiria. Watoto wa shule mlikuwa mnawaaga vipi? Watu waliofanya kazi kama yako wananiambia hapo ndipo kazi ilipo, siku ya mwisho watoto wanakaa duara kwa deki, kila mmoja anasema kitu kimoja atakachoondoka nacho, wanaimba, wanashikwa mkono wakishuka ngazi. Nakisia na wewe uliongoza duara kama hilo mara nyingi sana. Unajua kuaga kuliko watu wengi wa rika lako. Lakini nyinyi wenyewe mabaharia nani aliwakalisha duara? Chombo kikapandishwa, watu wakaanza kukwangua ubao, mikataba ikaisha mmoja mmoja, kila mtu akabeba begi lake siku yake. Si wewe peke yako uliyeshindwa, mpango wenyewe haukuwepo, na hili nalisema kwa viongozi wa kazi kama hizi pia kama wananisoma: wekeni siku.

Dada yako anasema ulizoea raha. Nadhani anasema hivyo kwa sababu haoni ulichopoteza. Hakuna aliyekufa, hujaachwa na mume, hujafutwa kazi, mkataba uliisha tu. Kwa hivyo hakuna anayekuja na sukari na maziwa kukupa pole. Una msiba usio na matanga. Na ndugu zangu Kiswahili kilifanya kitu hapa, neno hilo moja tunalitumia kwa nguo za chombo zinazoshika upepo na kwa siku ambazo watu wanakaa pamoja kwa sababu ya aliyeondoka. Wewe matanga yako ya kwanza yalishushwa mbele ya macho yako, yale ya pili hayajakaliwa.

Huenda pia umeambiwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa nchi kavu ni kweli na mimi naiamini, siku ya shida utamuona huyo dada yako. Lakini kwa chombo kidogo usiku bahari imechafuka, huyo mla nawe ndiye angekufa nawe. Yeye ndiye alishika kamba ukiwa juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, wewe ndiye ulikuwa macho yeye akilala. Mwili unalijua hilo hata kama mdomo haujawahi kulisema. Umelala futi tatu kutoka kwa watu hao miezi tisa, unajua kikohozi cha kila mmoja, unajua nani anatembea kwa deki kwa mlio wa miguu tu, mmevuta kamba moja kwa wimbo mmoja pumzi zenu zikienda pamoja. Sasa uko kwa chumba kimya usiku wa manane na hakuna hatua za mtu juu ya kichwa. Ungeniambia hulii ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Waliosoma bodingi hapa Kenya wanajua kipande kidogo cha hili. Siku ya kumaliza kidato cha nne ni kelele na kuandikiana kwa mashati, alafu wiki ya tatu nyumbani unakaa kwa kochi unamiss hata ile kengele uliyoichukia. Tofauti ni kwamba wao waliandikiana kwa mashati.

Kwa nini basi kutoaga kunauma hivi? Uliondoka alfajiri ili usilie mbele yao, na ilifanya kazi, pale getini ulipata nafuu. Hiyo nafuu ndiyo mtego. Kila mara unashika simu umpigie nahodha, moyo unadunda, unaiweka chini, unapata nafuu kidogo tena, na akili inajifunza kwamba kutopiga ndiko kunakookoa. Kesho yake simu imekuwa nzito zaidi. Wiki nne hivyo na sasa mzee mmoja wa watu, ambaye pengine anajiuliza tu kama ulifika salama, amegeuka kichwani mwako kuwa hakimu. Ukiendelea mwaka, utakuwa mtu anayekwepa hata kwenda pwani kwa harusi. Nimewaona watu hao, wengine walitoka meli, wengine kambi za kazi, wengine walikuwa manesi kituo fulani mbali, wote waliondoka kimya.

Habari njema ni kwamba kuaga hakuozi. Wazee wetu wa pwani wana neno buriani, na buriani si kwaheri tu, ndani yake kuna kuombana radhi, kama nilikukosea nisamehe manake sijui kama tutaonana. Hiyo inaweza kufanywa wiki ya tano, inaweza kufanywa mwaka wa tano. Usiandike meseji ndefu kwa grupu, najua inavutia, unaandika aya tano unaweka na emoji za kulia na watu ishirini wanajibu mara moja na bado hujamuaga mtu. Chagua watu wawili ama watatu, wale ambao ukiwaza sura zao koo linabana, uwapigie kwa sauti mmoja mmoja. Si lazima siku moja. Utalia, ndio. Wacha ulie, ndicho kilio ulichotoroka nacho alfajiri ile, kina haki ya kufika kwa wenyewe. Na nikwambie ukweli, huenda mmoja wao ameudhika. Akikwambia umemuumiza usijitetee, mwambie umesikia.

Alafu siku moja ya wikendi mpikie dada yako. Wali wa nazi na samaki, ama chochote mlichokuwa mnapika huko, mkishakula toa picha kumi tu, si mia tatu, umweleze nani ni nani. Muulize kama yuko tayari kusikia nusu saa bila kusema kitu. Watu wa nyumbani mara nyingi hawajakataa kusikia, ni vile tunarudi tukisema "huwezi elewa" na wao wanaamini. Hiyo iwe ndiyo kukaa matanga kwako na pia kuyaanua. Hutaacha kuwakumbuka, lakini unaweza kuamka Jumatatu ukatafute kazi.

WhatsApp iache imezimwa sauti kwa sasa, hakuna ubaya, ila jiwekee siku moja kwa wiki ya kufungua kwa makusudi ukiwa umekaa, badala ya kuchungulia usiku. Kutoka kabisa kwa grupu ningengoja mpaka uwe umepiga hizo simu, usitoroke mara mbili.

Kurudi baharini je? Sitakwambia ndio wala la, nitakwambia ninayoyajua. Ukipanda chombo leo kuyumba kutaisha siku hiyo hiyo, kama matatu inavyokutuliza, na ukishuka kutarudi, pengine kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo usirudi ukidhani unaenda kupona. Pili, utarudi kwa jahazi lakini hutarudi kwa wale watu, nusu watakuwa wapya na kitanda chako kitakuwa na mtu. Mwenye kurudi akitafuta msimu uliopita anaumia upya. Lakini kama unarudi kwa sababu kazi yenyewe unaipenda, kufundisha mtoto wa bara ambaye hajawahi kuona bahari, basi hiyo ni sababu nzuri na una muda, upepo wa kaskazi hauanzi mpaka Novemba ama Desemba. Usiamue sasa hivi. Amua ukiwa umelala vizuri wiki tatu mfululizo. Kwa sasa, ukimpigia nahodha omba barua inayoonyesha siku ulizofanya kazi baharini, ukitaka baadaye kusomea ubaharia rasmi pale Bandari Maritime Academy Mombasa ama popote, ni karatasi nzuri kuwa nayo na watu wakishatawanyika inakuwa ngumu kuipata.

Umeniuliza kama wewe ni mgonjwa. Kwa nilichosoma, hapana, bado. Lakini kufikia ukisoma hili mwezi utakuwa umefika, na kuyumba kukipita mwezi bila kupungua nenda umwone daktari wa masikio, pua na koo, Kenyatta wana kliniki hiyo na hospitali nyingine kubwa pia, umuulize pia kuhusu mazoezi ya mizani na mtu wa fiziotherapia. Usingoje huo mwezi kama sikio moja limepungua kusikia, kama unaona vitu viwili viwili, mkono ama mguu umelegea, maneno yanakwama, ama kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kujua, hayo si mambo ya jahazi na ni ya siku hiyo hiyo. Na upande wa moyo: ukiona wiki mbili nzima karibu kila siku hutaki kula, hutaki kuoga, huoni sababu ya kuamka, hiyo imeshapita huzuni ya kuagana, tafuta kaunsela ama daktari wa akili uso kwa uso. Hospitali ya Mathari si mahali pa kuogopa, watu wanaenda kliniki ya mchana wanarudi nyumbani. Na likikujia wazo la kufa, hata dogo, mwambie dada yako usiku huo huo usikae nalo, na kuna laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, kuna mtu wa kuongea naye.

Kisu usikitume kwa basi kabla hujapiga simu. Najua utataka kufanya hivyo, kukifunga kwa gazeti na kumwachia mtu wa pasel ili kifike bila wewe. Piga asubuhi, wakati wamepumzika kukalafati na wanakunywa chai. "Shikamoo nahodha, ni mimi. Nilifika salama. Niliondoka bila kukuaga kwa sababu niliogopa kulia, naomba radhi. Na kisu chako ninacho." Alafu nyamaza umuache aongee. Akisema kitume, kitume. Akisema kaa nacho utaniletea mwenyewe, kaa nacho.